Daftari la Mama Mkwe na Muhula wa Unguja

Wewe mwenye mtoto chuoni hapa Marekani, sogea karibu, maana haya nikimsimulia asiye na mtoto ataona natunga. Mwenzangu utanielewa. Unajua ilivyo kulala ukiamini ada ya mwaka imekaa sawa, halafu mtoto anasema sentensi moja mezani na hesabu nzima inaanguka.

Nyumbani kwetu St. Paul, Minnesota, tuko watano. Mke wangu Zubeda namwita Hazina, kwa sababu senti ikishaingia mikononi mwake haitoki bila maelezo. Anafanya kazi ya kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mimi naendesha basi la shule. Binti yetu Mwanaidi ni Profesa tangu yuko mdogo, alipokataa kula dagaa mpaka aelezwe kwa nini macho yao hayafumbi. Mdogo wake wa kiume ni Mheshimiwa. Ukimtuma kutoa taka anajibu, "Baba, nimelipokea, nitalifanyia kazi," na taka zinabaki pale pale hadi kikao kijacho.

Anayetukagua wote ni mama mkwe wangu, mzaliwa wa Pangani aliyekaa Tanga mjini miaka mingi kabla hajaja kwetu. Huyo ndiye CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za nyumba. Ana daftari kubwa la kaunta, jalada jeusi, mgongo mwekundu, penseli imefungwa kwa uzi wa cherehani ili mjukuu asitoke nayo. Kurasa za mwanzo ni za Tanga, miaka ya uhaba: robo kilo ya sukari kwa jirani, sabuni nusu mche kwa shemeji, mafuta ya taa chupa moja kwa mwalimu. Baadhi ya wadaiwa wameshatangulia mbele ya haki. Ukimwambia afute, anakujibu kwamba deni la marehemu lina warithi. Alipofika Minnesota aliendelea na ukurasa uliofuata kana kwamba amehama chumba tu, na tangu hapo kila kinachoingia na kutoka mle ndani kina mstari wake.

Sasa sikia. Jumapili moja mwishoni mwa kiangazi cha 2023, Profesa yuko nyumbani kabla ya kurudi chuoni kuanza mwaka wa tatu, pilau iko mezani, akasema, "Baba, Mama, muhula wa pili sitakuwa chuoni. Nataka kwenda kusoma Unguja."

Anasoma sayansi ya mazingira. Kuna programu zinazopeleka wanafunzi wa vyuo vya Marekani kukaa muhula mzima Mji Mkongwe, wanaishi na familia za pale, wanasoma mambo ya mikoko, matumbawe na kilimo cha mwani, na mwishoni kila mmoja anafanya utafiti wake. Alieleza vizuri, mikono inapaa hewani. Nilimsikiliza na moyo ulikuwa unafurahi kabla kichwa hakijaanza kuhesabu.

CAG ndiye aliyeuliza bei. Alipoambiwa inapita dola elfu kumi na tano, aliweka kijiko chini.

"Mke mwenzangu, Unguja ipi hiyo?"

"Hiyo hiyo Bibi, ya kwetu."

"Mimi nilivuka kutoka Pangani kwa jahazi nikiwa na mimba ya mama yako, nauli nikalipa kwa nazi. Wewe una nini cha kulipia elfu kumi na tano?"

Kabla Profesa hajajibu, Hazina akawa ameshampigia kaka yake aliyeko Columbus, Ohio. Huyo shemeji yangu tunamwita Mjomba Uzoefu, kwa kuwa hakuna jambo chini ya jua ambalo hana uzoefu nalo, kuanzia kufufua betri ya gari mpaka kesi za mirathi. Simu ikawekwa sauti ya juu katikati ya pilau. "Shemeji, nakwambia kwa uzoefu," akasema, "mtoto akitoa mguu nje ya chuo, misaada yote inakatika. Nimeona kwa macho yangu." Profesa akashika tama. Mheshimiwa akachukua mnofu wa dada yake.

Hilo la Mjomba ndilo lililonikera kuliko bei, kwa sababu nimelisikia pia kwa wenzetu wengi, na nina hakika limewafunga watoto wengi nyumbani. Watoto wa wenye nacho wanakwenda Paris na Florence, wa kwetu wanaambiwa msaada hautoki nje ya geti. Si kweli. Tangu Bunge la Marekani liliporekebisha Sheria ya Elimu ya Juu mwaka 1992, mwanafunzi anayepata msaada wa serikali kuu anaweza kuutumia kusomea nje ya chuo chake, hata nje ya nchi, mradi chuo chake kikubali masomo hayo yahesabiwe kwenye shahada. Ruzuku ya Pell, ile ya serikali kuu kwa wenye kipato kidogo, inakwenda, mkopo wa mwanafunzi wa serikali kuu unakwenda. Mimi nilisoma Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, enzi ambazo bumu, posho yetu ya wanafunzi, likichelewa tunaishi kwa chai ya rangi na mihogo ya kuchemsha, kwa hiyo nikiambiwa kuna fedha halali ya mtoto, siachi mpaka nimeona ilipokwama.

Nikapiga simu ofisi ya misaada ya wanafunzi ya chuo chake. Akanipokea mama mmoja wa makamo, mtulivu, anayezungumza polepole bila kukufanya ujione mjinga. Akaniambia jambo ambalo ningependa kila mzazi aliandike ukutani: msaada wa mtoto si fungu moja. Ni mafungu kadhaa yaliyowekwa kwenye barua moja, na kila fungu lina sheria yake ya kusafiri. Akanitaka niulize fungu moja moja.

Jioni hiyo CAG akafungua ukurasa mpya, akapiga mstari wima katikati. Kushoto akaandika "Zinazokwenda", kulia "Zinazobaki". Tukaanza.

Mkopo wa mwanafunzi, kwa mwaka wa tatu, kikomo chake ni dola 7,500 kwa mwaka, nusu yake muhula huo: unakwenda. Kazi ya maktaba anayolipwa kupitia mpango wa serikali wa kazi kwa wanafunzi: inabaki, maana hawezi kupanga vitabu Minnesota akiwa Unguja, na hiyo kwetu ilikuwa dola 1,300 za muhula zinazopotea. Kisha likaja fungu kubwa kuliko yote, ruzuku ya chuo chenyewe, dola 14,000 kwa muhula. Hapo mama wa ofisini alisema, "Inategemea."

Inategemea nini? Inategemea programu aliyochagua iko kwenye orodha ya chuo au haiko. Profesa alikuwa amechagua ya bei nafuu, dola 17,000, na alijivunia kuitafuta mwenyewe. Haikuwa kwenye orodha. Kwa programu ya namna hiyo chuo chake hakitoi hata senti ya ruzuku yake. Mwanafunzi anawalipa waandaaji moja kwa moja. Iliyokuwa kwenye orodha, pale pale Unguja, ilikuwa inatozwa kama ada ya chuo, dola 24,000, lakini ruzuku ya 14,000 inamfuata. Toa moja kwenye nyingine.

CAG alitoa. Alirudia kwa penseli, akarudia kwa vidole, halafu akamgeuzia Profesa daftari. "Ya elfu ishirini na nne ndiyo rahisi," akasema. "Hiyo nyingine imevaa bei ndogo tu."

Profesa aliinama kwenye ule ukurasa muda mrefu. Ana akili huyu mtoto, lakini hakuna shule inayofundisha kusoma bei namna ile. Tangu siku hiyo kila karatasi kutoka chuoni ilikuwa inapitia kwa bibi yake kwanza, na mimi mwenye simu na namba ya ofisi nikawa mjumbe tu.

Vyuo havifanani katika hili, ndugu yangu. Kuna vinavyoiachia ruzuku yao iende popote, kuna visivyoiachia kabisa, kuna vinavyoiachia nusu. Uliza kabla mtoto hajatia saini mahali. Na uliza kuhusu ule mkataba kati ya chuo na waandaaji wa programu, maana bila karatasi hiyo inayosema chuo gani kinashughulikia msaada na masomo mangapi yatahesabiwa, hata fedha ya serikali haitoki. Yetu ilizunguka kutoka meza ya mshauri wa masomo kwenda kwa msajili, ikalala huko, ikazinduliwa, ikaenda kwa mama wa misaada.

Basi tukabaki na pengo. Elfu kumi, toa mkopo wa muhula 3,750, bado elfu sita na ushee, na hapo hujagusa tiketi, visa ya dola 100, wala chanjo. Pell ilikuwa sifuri. Nilimuuliza yule mama kwa nini, ilhali mimi naendesha basi na mwenzangu ana saa chache kazini. Akaniuliza, "Mwaka 2021 mlikuwa mnafanya nini?"

Hapo nikaelewa. Fomu ya FAFSA, ile ya kuombea msaada wa serikali kuu, ya mwaka wa masomo 2023–24 ilikuwa inasoma kodi ya mwaka 2021. Na mwaka 2021, ukiwa msaidizi kwenye nyumba ya wazee, ulikuwa unafanya zamu yako na ya mwenzako aliyeugua na ya mwingine aliyeacha kazi. Hazina alikuwa akirudi asubuhi miguu imevimba, anaoga, analala kidogo, anarudi tena. Fedha iliingia, ndiyo. Ilikwenda kwenye kodi ya nyumba, na nyingine ilikwenda Tanga, ambako ndugu walikuwa hawana kazi. Na fomu haina mahali pa kuandika unayemtumia kila mwezi asiyeishi chini ya paa lako. Mwaka uliofuata Hazina aliumia mgongo akimnyanyua mzee, na tangu hapo saa zake za kazi zikapunguzwa. Fomu ilikuwa imemwona kwenye zamu mbili, haikumwona na mgongo.

Dawa yake ipo. Ofisi ya misaada ya chuo inaruhusiwa kisheria kuangalia upya hali ya familia iliyobadilika: unaandika barua, unaambatanisha hati za mishahara, na kama ina uthibitisho wanarekebisha takwimu. Nilirudi nyumbani na habari hiyo nikidhani nimeleta sukari.

"Baba Mwanaidi," Hazina akasema, "mimi siendi kumlilia mtu shida zangu. Nimelea watoto wangu kwa jasho. Barua ya kuomba huruma usiniletee."

Nikajaribu kueleza kwamba si huruma, ni marekebisho ya hesabu. Akainuka akaenda kukunja nguo. Ukiona Hazina anakunja nguo ambazo zimeshakunjwa, mjadala umefungwa. Mheshimiwa akapita sebuleni, akaona hali ya hewa, akageuka kimya kimya.

CAG hakusema kitu jioni ile. Asubuhi Hazina alikuta daftari wazi juu ya meza ya jikoni, ukurasa wa Februari 2021. Nilikuwa nimesimama nyuma yake nikitia chai kwenye chupa, nikasoma naye. Mwandiko wa penseli, umekandamizwa: "Zubeda zamu mbili. Karudi saa nne. Hakula." Mstari wa chini: "Zubeda zamu mbili. Theluji. Karudi saa tano." Ukurasa mzima hivyo, na uliofuata. Mama mtu alikuwa anaandika deni, ila hakuandika nani anadaiwa.

Hazina aliketi. Akageuza kurasa mpaka alipofika mwezi alioumia. Kisha akasema, "Leta hiyo barua niione," akaisahihisha tarehe zote kwa kutumia daftari, maana mimi nilikuwa nimeziandika kwa kukisia, akaitia saini kwa jina lake kamili. Hati za mishahara alikuwa nazo, zimepangwa kwa mwaka ndani ya bahasha. Huyo ndiye Hazina.

Ofisi ikakubali. Pell ikatoka, dola 2,100 kwa muhula. Kiwango cha juu mwaka ule kilikuwa 7,395 kwa mwaka mzima, kwa hiyo hatukupata yote, lakini kile kidogo kilifungua mlango mwingine mkubwa kuliko chenyewe. Kuna ufadhili wa Gilman, uliopewa jina la Benjamin Gilman, aliyekuwa mbunge wa New York. Unatolewa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani tangu 2001 kwa ajili ya wanafunzi wa shahada ya kwanza wanaokwenda kusoma au kufanya mafunzo nje ya nchi. Sharti lake ni uwe raia wa Marekani na uwe unapata Pell. Usipokuwa na Pell, hata ukiandika insha ya dhahabu hawaisomi. Profesa kazaliwa hapa hapa St. Paul, uraia anao. Pell ilifika wiki chache kabla ya mwisho wa maombi, mwanzoni mwa Oktoba.

Wakati huo ufadhili wenyewe ulikuwa hadi dola 5,000, na uliweza kufika 8,000 kwa anayekwenda kusoma lugha ambayo serikali inasema inaihitaji mno. Kiswahili kimo kwenye orodha hiyo, pamoja na Kiarabu, Kichina na Kirusi. Nilipomwambia CAG, alinyamaza, akajifunga kanga upya, akauliza, "Serikali ya Marekani inakihitaji Kiswahili?" Nikasema ndiyo. "Basi huyu mtoto afundishwe vizuri, asiende kutuaibisha."

Hapo ndipo nyumba ilipogeuka darasa. Profesa anasikia kila neno, lakini akijibu anachanganya ngeli kama anavyochanganya soksi. "Bibi, kiti yangu imevunjika." CAG anafunga mlango wa friji. "Kiti changu kimevunjika. Rudia, ndipo utakula." Mjomba Uzoefu akapiga simu kutaka insha ianze na Mwalimu Nyerere, kwa uzoefu wake wazungu wanapenda. Profesa akamshukuru kwa adabu, akaandika kuhusu akina mama wa Paje wanaoingia majini maji yakikupwa, kamba za mwani zimefungwa kwenye vijiti, na kwa nini bahari ikipata joto mwani wa bei nzuri unakufa wakiuona. Nilisoma ile insha nikiwa kwenye basi nikisubiri watoto wa shule. Niliisoma tena. Mtoto wangu ana macho.

Desemba jibu likaja: amepata dola 4,000. Hazina alipiga kigelegele mpaka jirani wa juu akagonga sakafu.

Usidhani tumemaliza. Fedha ya msaada ni kama shangazi wa kijijini kwenye harusi: zawadi yake ni ya kweli, lakini anafika watu wanakunja mikeka. Kwa kanuni za serikali chuo hakiwezi kutoa msaada mapema kuliko siku kumi kabla ya muhula kuanza. Muhula unaanza mwisho wa Januari. Tiketi inatakiwa Desemba, amana ya programu ilishatakiwa, chanjo zinatakiwa mapema. Yule mama wa ofisi alikuwa ameshaongeza tiketi, visa na chanjo kwenye makadirio ya gharama za Profesa, akanieleza kwa uwazi kwamba makadirio hayaleti fedha. Yanapandisha dari tu, ili kuwe na nafasi ya ufadhili zaidi au mkopo zaidi.

Nikaona niombe mkopo wa mzazi wa serikali kuu, dola 3,000, ambao nao ungetoka siku hizo hizo lakini ungelipa tutakachoazima kwanza, tufunge kazi. Nikakaa kwenye kompyuta usiku, nikaandika jina na nywila. Mtandao ukasema umetuma namba ya uthibitisho kwenye simu. Simu yangu kimya. Nikasubiri. Kimya. Nikamwamsha Mheshimiwa, kwa sababu ndiye aliyenifungulia akaunti.

"Baba, niliweka simu ya Bibi. Ndiyo pekee ambayo haiishiwi chaji."

CAG alikuwa macho, anasoma uradi wake. Nikabisha hodi.

"Mama, imeingia meseji yoyote?"

"Imeingia."

"Nisomee namba."

"Sisomi. Namba ya siri haisomewi mtu."

"Mama, ni mimi."

"Na wale wa 'ile hela tuma kwenye namba hii' nao husema ni wao. Shoga yangu wa Chumbageni aliliwa laki nne namna hiyo."

Namba ikaisha muda. Nikaomba nyingine, ikaingia kwa kelele kule kitandani kwake, akaiweka simu chini ya mto. Hazina akaamka. Mheshimiwa akasimama mlangoni na blanketi, akisema suala hili lingetatuliwa kama angeshirikishwa mapema. Nikamweleza mama mkwe kwa heshima zote kwamba ni mkopo, kwa ajili ya mke mwenzake, wa serikali. Akavaa miwani.

"Riba?"

"Asilimia 8.05."

"Na nini kingine?"

Kulikuwa na kingine. Mwaka ule walikuwa wanakata asilimia 4.228 ya mkopo kabla hawajautoa, na riba inaanza kuhesabiwa tangu wanapoutoa. Daftari likafunguliwa usiku ule ule, penseli ikalambwa. Dola 126 na senti 84 zinakatwa.

"Wanakata kabla hujashika," akasema CAG polepole, "halafu unalipa riba ya ulichokatwa?"

"Ndiyo, Mama."

"Namba sikupi."

Hazina akaniangalia, nikamwangalia, nikazima kompyuta. Kwetu kura zikishakuwa mbili za wanawake, matokeo yanatangazwa bila kuhesabu yangu.

Na ndiye Hazina aliyetafuta njia. Ana mchezo wa upatu na wanawake wenzake, Watanzania na Wakenya, wote wa kazi hizi za kulea wazee: watu kumi, dola 300 kwa mwezi. Zamu yake ilikuwa Aprili. Mwenye Desemba alikuwa mama mmoja wa Kichaga ambaye mwaka ule hakuwa anakwenda Moshi, akakubali kubadilishana kwa sharti la ndoo mbili za sambusa kwenye ubarikio wa mwanawe. Dola 3,000 taslimu, bila riba, bila makato, bila namba ya siri. Tiketi ikakatwa. Nyumba ilinuka kitunguu na hiliki mpaka kwenye makoti ya baridi, na Mheshimiwa, kwa mara ya kwanza, alilifanyia kazi jambo: alionja sambusa zote zilizopasuka.

Kufungasha nako kulikuwa na yake. Mizigo ya ndege mwisho kilo 23, na CAG ana ndugu Tanga. Miwani ya kusomea, vitamini, mafuta ya mgongo, viatu vya mtoto wa mpwa, sweta. Sweta, Januari, Tanga! Tukalipima begi kwa mzani wa bafuni: Mheshimiwa anapanda peke yake, anapanda na begi, mimi natoa. Kila nilipotoa kitu kwa nyuma, kwa mbele kilirudi. Profesa akaondoka na vitabu mkononi ili vitamini vipate nafasi.

Huko nako bibi alikuwa ameshatangulia. Familia aliyopangiwa Mji Mkongwe, CAG aliipata namba ya mama mwenyeji, akampigia, wakaulizana majina ya wazee mpaka wakafika kwa mtu mmoja wa Mkokotoni aliyemjua mtu wa Pangani. Ikatosha. Tangu hapo kila jioni wanaripotiana. Profesa anatuma sauti akilalamika kwamba amevuka bahari mbili na bado anaulizwa kama amekula. Anaulizwa kwa Kiswahili na anajibu kwa Kiswahili, tena sasa ndiye anayemsahihisha Mheshimiwa ngeli kwenye simu.

Fedha za msaada zilitua wakati wake. Chuo kikakata chake na hakikubakisha kitu, na Hazina akaendelea kulipa mchezo kila mwezi hadi zamu zote zikaisha. Ule mkopo wa Profesa mwenyewe upo, riba yake asilimia 5.50, ataanza kuulipa miezi sita baada ya kumaliza, na yeye anajua kiasi chake mpaka senti, kwa sababu kimeandikwa kwa penseli kwenye ukurasa wake na amewekewa kidole gumba.

Aprili akapiga simu. Mwalimu wa utafiti amemkaribisha abaki kiangazi kuendelea na vipimo vya mwani, na kuna masomo ya kiangazi ambayo chuo chake kinaweza kuyatambua. Nikasema tutazungumza na Mama. Akasema Bibi ameshakubali, tangu wiki iliyopita.

Pell inaweza kutumika kiangazi pia, hilo lilirudishwa mwaka 2017, mradi mwanafunzi asajili angalau nusu ya mzigo wa kawaida. Nilinyoosha mkono kuchukua simu, nikakuta haipo mezani. Hazina alikuwa ameshaingia nayo jikoni na bahasha ya hati za mishahara, anamwambia yule mama wa ofisini kwamba ni mzazi wa Mwanaidi, ana jambo la binti yake, na karatasi zote anazo.